Mpasuo wa Kimya cha Tatu

Chini kabisa ya ngazi za Idara ya Muziki palikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio na ndoo. Sasa kilikuwa na rafu za kanda kutoka sakafuni mpaka darini, mashine mbili za kuchezea kanda hizo, kompyuta iliyokohoa kila ikiwashwa, na mwanamke aliyeitwa Masikio. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Chuoni kote aliitwa Masikio, kwa kuwa aliweza kusikiliza onyesho lililorekodiwa kabla hajajua kutembea akakwambia kuna kiti safu ya nyuma kimelegea mguu.

Kazi yake ilikuwa kuzihamisha kanda za zamani kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Zote zilikuwa za maonyesho ya muziki wa kisasa yaliyofanyika katika ukumbi wa chuo, na hapo ndipo watu wengi walipoponzwa. Kibao cha mlangoni kiliandikwa HIFADHI YA MUZIKI WA KISASA, basi vijana wakipita hubisha hodi wakitaka nyimbo za kuchezea harusini. Masikio aliwakaribisha kwa ukarimu mkubwa. Aliwakalisha, akawavisha hedifoni, akawawekea bwana mmoja aliyekuwa akikwaruza fidla kwa kijiko, kisha akakaa kutazama nyuso zao zinavyobadilika. Mshahara wake ulikuwa wa kawaida, lakini starehe hiyo haikukatwa kodi.

Mwaka huo Profesa wa Idara alikuwa anastaafu. Mkuu wa Kitivo, bwana mwenye tai fupi na maneno marefu, aliteremka ngazi mwenyewe mpaka chumba cha kanda.

"Tunamuaga Profesa kwa Kimya cha Tatu," alisema. "Nataka kanda mama, ile ya siku ya kwanza kabisa. Wageni wataisikiliza pale ukumbini kabla ya onyesho. Isafishe, ing'ae."

Kimya cha Tatu kilikuwa ndicho kipande kilicholipeleka jina la Profesa mbali. Kimya cha Kwanza na cha Pili hakuna aliyekumbuka kuvisikia. Katika hiki cha tatu, mpiga piano huingia, hukaa, na kutulia mpaka wasikilizaji waanze kuangaliana. Kisha huinama na kugandamiza vitufe kwa kiwiko. Baada ya hapo husikika mpasuo, *chraaa*, na baada ya mpasuo, kicheko cha mwanamke. Halafu noti moja ya chini, na mambo yameisha.

Huo mpasuo na kicheko ndivyo vilivyowatia watu wazimu. Wapiga piano wa vyuo vya mbali waliokipiga kipande hicho walipanda jukwaani na kipande cha kitambaa cha kurarua, na walimkodi mwimbaji akae katikati ya watu ili acheke pale panapotakiwa. Mkuu wa Kitivo mwenyewe alikuwa ameandika kitabu kinene juu ya jambo hilo, akieleza kwamba mpasuo ni kuachana kwa zama na zama, na kicheko ni cha historia inayotutazama.

Nakala ambayo watu wote waliijua ilikuwa imekatwa na kutengenezwa. Kanda mama hakuna aliyeigusa miaka nenda miaka rudi. Masikio aliitoa kwenye boksi lake, akaipangusa, akaifunga kwenye mashine na kuvaa hedifoni.

Piano, kiwiko, mpasuo, vyote vilikuja kama alivyovijua. Kisha kikaja kicheko, na safari hii hakikuwa kimefifia kwa kunakiliwa mara kwa mara. Kilianza kama pikipiki inayogoma kuwaka, kikatulia kidogo kuvuta pumzi, halafu kikalipuka na kuishia kwenye kwikwi. Kicheko hicho Masikio alikuwa amekisikia asubuhi ya siku hiyo hiyo, jikoni kwao, paka alipoteleza kwenye sakafu yenye sabuni.

Kilikuwa kicheko cha shangazi yake.

Na kanda iliendelea. Mahali ambapo nakala ilikatwa, hapa palikuwa na minong'ono, viti vikisogea, na sauti ya mwanamume aliyejawa na adabu kavu: "Dada, tafadhali, toka nje."

"Nitoke kwa kosa gani?" ilijibu sauti ya shangazi, changa lakini kali vile vile. "Si mimi niliyepasuka! Nilimwambia asiiname! Nilimwambia!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Kisha ile noti moja ya chini, ikipigwa kinyonge sana.

Masikio alivua hedifoni, akaweka kichwa juu ya meza, akacheka mpaka mtu wa ofisi ya juu akagonga sakafu kwa kisigino.

Shangazi yake alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia yenye alama za chaki zisizofutika, na kioo kirefu ambacho wateja wanene walidai kinasema uongo. Masikio aliishi naye tangu alipokuja mjini kusoma, na katika muda wote huo alijua jambo moja: shangazi haendi chuoni. Hakwenda hata siku mpwa wake alipohitimu. Alisema mguu unamuuma, kumbe jioni alikutwa juu ya ngazi akipaka rangi dari. Ukimtajia muziki wa chuo, alikunja uso kama aliyeng'ata limau.

Jioni hiyo Masikio alimkuta na pini midomoni, akipinda pindo la gauni.

"Shangazi, hebu sikiliza kitu."

"Kama ni ule muziki wenu wa kusukuma meza, nimeshiba."

Masikio alibonyeza simu. *Chraaa.* Kisha pikipiki ikagoma, ikavuta pumzi, ikalipuka. Mguu wa shangazi ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Huyo ni nani, Shangazi?"

"Kuku," alisema shangazi kupitia pini. "Anataga."

"Kuku gani huyu anayesema 'si mimi niliyepasuka'?"

Shangazi alizitema pini kiganjani, akazichomeka kwenye kimto cha pini taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mlango wa kutorokea. Hakuupata.

"Wewe mtoto," alisema hatimaye, "hukutosheka kuchimba ya watu, umekuja kuchimba na ya nyumbani?"

Lakini alisimulia. Siku hizo alikuwa na kibanda cha kushonea mtaa wa nyuma ya chuo, na jirani yake alikuwa kijana mwalimu wa muziki, mrefu kama mlingoti, mpole mpaka unamhurumia. Kijana huyo alikuwa anapiga kipande chake cha kwanza mbele ya watu na hakuwa na suti. Akaazima ya mwenzake wa chumbani, na mwenzake alikuwa mfupi, kiuno chembamba kuliko chake.

"Aliniletea suruali niitanue," shangazi alisema. "Nikafumua, nikatanua, kitambaa kikaisha. Nikamwambia: bwana we, hii suruali nimeipa kila nilichonacho. Kaa kama bwana harusi, mgongo wima, wala usiiname. Akaniambia hainami, yeye anapiga piano tu. Akanipa na kadi ya mwaliko. Muziki wa kisasa, imeandikwa. Nikajua ni dansi! Nikavaa viatu vya kuchezea."

"Ukakaa wapi?"

"Mbele kabisa, ubavuni mwake. Yeye kakaa kimya, mimi nasubiri ngoma ianze. Mara kainama na kiwiko. Suruali ikasema chraaa, na mimi ndiye niliyekuwa upande ule. Sasa ningefanyaje, mwanangu? Kicheko si kikohozi, huwezi kukimeza." Alitazama nje ya dirisha. "Wakanitoa mbele ya watu wote waliovaa miwani. Yule kaka hakuja tena kibandani. Nikasema sawa, nimemwaibisha siku yake, asinione na mimi nisimwone."

"Ulimpenda, Shangazi?"

"Nilimpenda nani? Nilipenda koti lake."

"Si lilikuwa la kuazima?"

"Toka hapa, nifanye kazi!"

Usiku ule cherehani haikulia tena, ingawa gauni la mteja lilikuwa la kesho.

Masikio hakuwa mtu wa kuacha kaa liwake peke yake bila kulipulizia. Asubuhi alipanda ngazi mpaka ofisi ya Profesa. Yule mlingoti sasa alikuwa na mvi na alizungumza kwa kunong'ona, mazoea ya mtu aliyeishi na kimya. Masikio alimchezea kanda. Profesa aliisikiliza mpaka mlango ulipofungwa kwa kishindo, uso wake umekuwa kama ubao uliofutwa.

"Hilo," alisema, "ni tukio la kisanaa."

"Ndiyo, Profesa. Suruali ilikuwa ya nani?"

Profesa aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti, machozi yakimtoka, akijipangusa kwa ncha ya tai.

"Ya mwenzangu wa chumbani," alisema. "Alinidai mpaka nikahama. Wewe unajua nilipata taabu gani? Watu walisimama kunipigia makofi, mimi siwezi kusimama kuwashukuru! Nikabaki nimekaa, nimetazama vitufe. Wakasema, tazameni msanii asiyetaka sifa. Kesho yake mkosoaji akaniuliza ile sauti ilikuwa na maana gani. Nikamwambia, wewe umesikia nini? Akasema amesikia dunia ikipasuka. Mimi ni nani nimbishie?"

"Na yule dada aliyecheka?"

Kicheko kilimwisha Profesa. Alinyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari.

"Kesho yake nilikwenda kibandani kwake. Kilikuwa kimefungwa. Wakaniambia amekwenda kwa kaka yake, wifi yake kajifungua. Nikarudi tena na tena, bado kimefungwa. Kisha nikapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Niliporudi, pale pana duka la viatu." Alinong'ona zaidi. "Kila mwimbaji wanayemleta kucheka, namwambia siyo hivyo. Wananiona mzee msumbufu. Ninajua ninachokitafuta, ila siwezi kuwaeleza."

Masikio alijiinamia. "Nisamehe, Profesa."

"Kwa lipi?"

"Yule mtoto aliyezaliwa ni mimi. Fundi ni shangazi yangu."

Profesa aliinuka. Kisha alifungua kabati, akatoa suti nyeusi iliyokuwa imening'inia tayari kwa siku ya kuagwa.

"Je, bado anashona?" aliuliza. "Kwa sababu suruali hii... inanibana kidogo."

Masikio aliiangalia ile suruali. Wangeweza kuingia wawili. Aliikunja, akaiweka mkobani.

Nyumbani, alimwambia shangazi kwamba kuna mzee chuoni anaomba msaada wa fundi. Hakutaja jina na wala hakuulizwa. Shangazi alipima kiuno cha suruali kwa futi, akaangalia mishono, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Inambana wapi, kwenye ndoto?" alisema. Hata hivyo aliifumua yote. Aliishona upya kwa uzi wa kushonea mahema, mshono juu ya mshono, akatia kiraka cha ndani pale panapotakiwa, akavuta kwa mikono miwili akiwa ameegemeza mguu kwenye meza. Haikulia.

"Mwambie huyo mzee ainame mpaka abusu vidole vyake vya miguu," alisema. "Hii haipasuki. Na nitakuja kuhakikisha mwenyewe, maana kazi yangu ilisemwa vibaya mbele ya watu."

"Nani aliisema vibaya?"

"Suruali yenyewe."

Siku ya kuagwa ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Shangazi aliketi safu ya mbele, ubavuni mwa piano, katika gauni la rangi ya zambarau alilojishonea, mkoba mapajani, mdomo ameufunga kama bahasha. Alikuwa amemwapia Masikio njiani kwamba hata nyumba ikianguka hatacheka. Nyuma yake alikaa mwimbaji wa kukodiwa, mrembo aliyekuwa akizoeza koo lake kwa vicheko vidogo vidogo. Masikio alikuwa pembeni na mashine ya kurekodi, hedifoni kichwani.

Kanda mama ilichezwa, Masikio akiwa ameikata palepale ilipokatwa nakala, na Mkuu wa Kitivo akasema maneno yake marefu. Kisha Profesa akaingia, akakaa, akatulia. Hakumtazama mtu. Watu wakaanza kuangaliana, kama ilivyo desturi ya kipande hicho. Halafu akainama na kiwiko chake, piano ikaunguruma.

Kitambaa cha kurarua kilikuwa juu ya piano, kimewekwa tayari. Profesa hakukigusa. Alisubiri. Hakuna kilichopasuka. Akainama zaidi. Bado. Mwimbaji nyuma alikuwa amevuta pumzi na kuishikilia, macho yamemtoka. Profesa akarudisha kiti nyuma kidogo, akainama kama mbuzi anayekula nyasi chini ya uzio, makalio yakielekea moja kwa moja safu ya mbele, na akaanza kujisukuma chini, kidogo kidogo, kwa bidii ya dhahiri kabisa. Suruali ilikaza. Ilistahimili. Profesa aliguna. Suruali ikakaa kimya kama jiwe.

Na ndani ya kimya hicho, ambacho wataalamu walikuwa wamefumba macho kukisikiliza, sauti ya mwanamke ikasema polepole, kwa fahari ya fundi: "Haipasuki hiyo."

Profesa aligeuza kichwa akiwa bado ameinama. Akamwona. Akamnong'oneza, na maikrofoni ikadaka kila kitu: "Nisaidie basi."

Pikipiki ikagoma. Ikavuta pumzi. Masikio aliwahi kupunguza sauti kwenye mashine, kwani alijua kinachofuata.

Kililipuka kweli kweli. Miaka yote kilikuwa kimefungiwa nje ya ukumbi huo, basi kilipopata njia hakikusaza mtu. Safu ya mbele ikaambukizwa, ya pili ikafuata, hata mtu aliyekuja na wakwe zake akasahau heshima. Profesa alikalia sakafu, mgongo kwenye mguu wa piano, akicheka kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawakujua kama anayo. Mwimbaji wa kukodiwa peke yake ndiye hakucheka. Alivuta mdomo akiona kazi yake imechukuliwa hivi hivi.

Mlinda mlango, kijana mwenye glavu nyeupe, alinyata hadi safu ya mbele. "Mama, tafadhali, toka nje."

"Mwache!" Profesa alipaza sauti kutoka sakafuni. "Huyo ndiye mwenye kipande!"

Akanyoosha mkono juu, akapapasa vitufe, akapiga ile noti moja ya chini. Makofi yalipoanza, alisimama. Alisimama wima, akageuka kila upande, akainama kuwashukuru watu wote, mara moja, mara mbili, kisha mara ya tatu bila sababu yoyote isipokuwa kwamba sasa aliweza.

Baadaye walikutana kwenye korido, kila mmoja ameshika glasi ya maji ya matunda asiyokunywa. Masikio alijifanya anakunja waya.

"Ulihama bila kuaga," alisema shangazi.

"Wewe ulifunga kibanda."

"Nilikwenda kumlea huyu anayejifanya hasikii."

"Nilidhani ulinidharau."

"Nilidhani wewe ndiye uliyenidharau." Shangazi alimkagua kuanzia mabega hadi viatu. "Suruali inakupwaya, Profesa. Ulidanganya."

"Nilidanganya," Profesa alikubali. "Utaipunguza lini?"

Shangazi aliweka glasi chini, na pikipiki ikaanza kugoma tena.

Kesho yake Mkuu wa Kitivo aliteremka kwenye chumba cha kanda akiwa amekunja uso. Aliagiza yale maneno mawili ya fundi yafutwe kwenye rekodi, kwa heshima ya sanaa. Masikio alimjibu kwamba Profesa ameagiza yabaki. Mkuu akapanda ngazi akinung'unika. Katikati ya ngazi alisimama, akanong'ona "haipasuki", akairudia tena kwa lafudhi nyingine, macho yakaanza kumng'aa. "Ukaidi wa mshono!" alisema. "Zama zinazokataa kuachana!" Akapanda ngazi zilizobaki mbiombio. Kitabu cha pili, wanasema, kitakuwa kinene kuliko cha kwanza.

Shangazi hakuolewa upesi, kwa kuwa alisema mtu aliyeazima suruali akiwa kijana lazima apelelezwe. Ila tangu siku hiyo hakosi onyesho. Hukaa na mstaafu wake safu ya mbele, na hajabadilisha maoni yake hata chembe: anasema bado ni kusukuma meza, ila sasa anajua ni meza ipi. Profesa humweleza kwa kunong'ona, yeye humbishia kwa kunong'ona, na wakifika mahali pagumu hupigana viwiko ubavuni kama watoto darasani.

Wanamuziki wachanga wamelalamika kwamba maikrofoni ya mbele inanasa minong'ono. Waliandika barua kumtaka Masikio aisogeze. Masikio ni mfanyakazi mtiifu. Ameisogeza, karibu na viti vile viwili, akaiinamisha kidogo upande wa shangazi yake.